Hata Mpingo Unatembea

Haya ni maongezi niliyoyatoa Jumamosi pale Mwenge kwa vijana wanaojifunza kuchonga na kuchora, na wanafunzi kadhaa wa sayansi waliokuja nao. Wengi wameniomba niyaweke kwenye maandishi kwa hiyo nimeyaandika karibu vilevile nilivyoongea, na maswali ya mwisho nimeyaacha humohumo.

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu habari za mchana. Mama zangu mliokaa kule nyuma sogeeni jamani, viti vipo, halafu leo kuna kitu cha kuangalia na ukiwa mbali hutakiona vizuri.

Nimepewa mada ya mwendo, yaani ile hali ya vitu kutokutulia, kwenye sanaa, kwenye sayansi na kwenye maisha ya binadamu. Mnanijua mimi ni mwalimu wa fizikia na nimekulia kwenye nyumba ya wachongaji, kwa hiyo mada hii imenikaa moyoni muda mrefu sana na nimefurahi mno kupewa nafasi ya kuiongea mbele yenu.

Naanza na hiki hapa mezani. Kinyago hiki wote mnakijua, ni ile staili ya watu waliobebana tunayoiita ujamaa, gogo moja tu la mpingo, na humo watu wamepanda mmoja juu ya mwingine, huyu kamkanyaga yule begani, yule kamshika huyu kiunoni, kuna mama ana kinu chake, kuna mtoto kichwa kinatokea kwapani kwa babu. Mpingo ni mzito, ukiutia kwenye maji unazama, na kukua kwake ni taratibu mno, inachukua kama miaka 70 mpaka 100 ndio unapata gogo la maana la kuchonga. Yaani humu ukumbini hakuna kitu kilichotulia kama hiki. Sasa jaribuni kukiangalia sehemu moja tu, msihamishe jicho. Mnaona? Haiwezekani. Jicho linaanza kwenye mguu wa huyu wa chini, linapanda mgongoni, linapotelea nyuma, na wewe mwenyewe unajikuta umenyanyuka kwenye kiti unazunguka kumtafuta aliyejificha upande wa pili. Dada pale ameshasimama tayari! Mchongaji ameuweka mwendo kwako wewe unayeangalia, kwa kupinda mgongo hapa, kwa kuacha tundu pale mwanga upite, kwa kukufichia nusu ya mtu ili umfuate.

Nataka niseme hoja yangu mapema ili mnifuate vizuri. Kitu kinachodumu kinadumu kwa sababu kinatengenezwa upya kila siku, na ukitaka kukilinda kwa kukisimamisha unakiua. Lakini mwendo usio na umbo nao ni uharibifu tu, na hilo nitalisema pia bila kuficha, kwa sababu siku hizi naona vijana wengi wanadhani kubadilika maana yake ni kukimbia.

Tuanze na hili la kusimamisha. Watu wanasemaga kinyago cha Kimakonde ni sanaa yetu ya asili, ilindwe isibadilike. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini tuangalie historia. Wamakonde wa kule uwanda wa Mueda, Msumbiji, walichonga mapiko, vile vinyago vinavyovaliwa kwenye ngoma za jando na unyago, pamoja na vitu vya nyumbani. Wakavuka Ruvuma kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakakutana na wanunuzi wa aina nyingine kabisa, wakakutana na maisha mengine, na mikono ikaanza kufanya kitu kipya. Ni kwenye miaka ya 1950 ndipo Samaki Likankoa alipoanza kuchonga yale mashetani, viumbe vyenye jicho moja, tumbo wazi, miguu imepinda kama mizizi, kitu ambacho babu zake hawakukichonga. Na hii ya watu waliobebana nayo ni ya kizazi hichohicho, siyo ya kale na kale. Kwa hiyo ile asili tunayoilinda ina umri wa bibi yangu. Ilizaliwa na watu waliokuwa njiani, wamehama, wanasikia lugha mpya, wanauza kwa watu wapya. Angekuwepo mlinzi wa asili miaka ile akawaambia rudini kwenye mapiko tu, kinyago hiki kisingekuwepo hapa mezani leo.

Na mapiko hayajafa, ngoma zinachezwa mpaka leo. Kitu kipya kimeota pembeni ya kile cha zamani na vyote viwili vipo.

Njooni kwa Tingatinga sasa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuja Dar akafanya vibarua na kazi za nyumbani, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Hakwenda chuo cha sanaa. Alichukua vipande vya masonaiti, vile vibao vya kujengea dari, vya mraba kama sentimita 60 kwa 60, na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani na bei aliiweza. Angalieni jinsi vifaa vilivyomlazimisha kufikiri. Rangi ile huwezi kuichanganya taratibu juu ya kibao kama ya wachoraji wa Ulaya, inabidi upake rangi moja ya nyuma, usubiri ikauke, upake mnyama juu, usubiri, halafu madoa, halafu mistari. Basi yeye akageuza ule ugumu ukawa ndio uzuri wenyewe. Chui wake amejaa kibao chote, mkia umepinda mpaka ukingoni kana kwamba kibao kimemshika akiwa anapita. Ndege shingo imezunguka inaangalia nyuma. Hakuna kivuli, hakuna umbali, na bado mnyama anaenda.

Alifariki 1972 kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Kwa hesabu hiyo alichora kama miaka minne tu! Hebu fikirieni, miaka minne. Kama sanaa ingekuwa ni ile mali aliyoiacha, ingekuwa imekwisha, vibao vichache vimetawanyika kwenye nyumba za wageni waliokuwa wanaishi Oysterbay. Ila alikuwa ameshawafundisha ndugu zake na vijana wachache, nao wakawafundisha wengine, wakakaa palepale Oysterbay karibu na Morogoro Stores, na 1990 wakaandikisha ushirika wao. Na hawakubaki na mnyama mmoja kwenye kibao. Wakaja waliochora kijiji kizima, watu mia wanacheza ngoma, hospitali, harusi, mgomba, daladala. Wengine wakaanza kutumia turubai badala ya kibao. Rangi imebadilika, mikono imebadilika, mada zimebadilika, na bado ukiona kazi hata ukiwa mbali unasema huyo ni Tingatinga. Umbo limebaki, vitu vinapita ndani yake.

Kumbukeni hayo maneno, umbo linabaki na vitu vinapita ndani yake, kwa sababu sasa naingia kwenye sayansi na huko tutakutana nayo tena.

Bilauri hii ya maji imetulia, siyo? Mwaka 1827 Robert Brown, Mskoti mtaalamu wa mimea, alikuwa anaangalia kwa hadubini vichembe vidogo sana vilivyotoka kwenye chavua ya maua vikiwa ndani ya maji, akaona vinatikisika, vinaruka huku na huku, havitulii. Mtu mwingine angesema ah, vina uhai, ni mbegu za maua, akaishia hapo. Yeye hakuishia. Akasaga kioo, akasaga mawe, mpaka akapata kipande kidogo cha ile sanamu ya Sphinx ya Misri akakisaga nacho, akaweka kwenye maji, na vyote vikatikisika vilevile. Jiwe la maelfu ya miaka linacheza! Sababu ilikaa bila kueleweka vizuri mpaka 1905 Einstein akaonyesha kwa hesabu kwamba kichembe kinapigwa na molekyuli za maji zenyewe, kutoka kila upande, mara upande huu unazidi kidogo, mara ule, na Jean Perrin kule Ufaransa akapima kwa uvumilivu mkubwa na namba zikakubali. Kabla ya hapo kulikuwa na wanasayansi wakubwa kabisa ambao hawakuamini kama atomu zipo kweli. Kwa hiyo tuligundua vitu vimetengenezwa na nini kwa kuangalia mtikisiko ambao wengi wangeupuuza.

Na sasa mwili. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo kwa sababu kwangu hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusoma. Zamani wanasayansi waliuona mwili kama mashine, yaani umeshajengwa, chakula ni mafuta yake, unachoma, unapata nguvu, na pale palipochakaa panazibwa kidogo. Rudolf Schoenheimer, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani, akafika New York katika chuo kikuu cha Columbia, na huko alikuwepo Harold Urey aliyegundua haidrojeni nzito. Schoenheimer na mwenzake David Rittenberg wakapata wazo, tutengeneze mafuta yenye haidrojeni hii nzito, tuwalishe panya, halafu tutafute yameenda wapi, maana haidrojeni hii mwili unaitumia kama ile ya kawaida ila sisi tunaweza kuitambua. Ni kama kumwekea mtu alama ya wino kwenye mkono sokoni Kariakoo halafu ukamtafuta jioni.

Walitegemea mafuta yale yachomwe karibu yote palepale. Wakakuta sehemu kubwa imeingia kwenye akiba ya mafuta ya panya, wakati panya hakunenepa. Maana yake ni kwamba yale ya zamani yalitoka yakaingia mapya, kiasi kikabaki kilekile. Baadaye wakafanya hivyo kwa protini kwa kutumia naitrojeni nzito, wakakuta hadithi ni ileile, nyama ya mwili inabomolewa na kujengwa muda wote, usiku na mchana, hata kwa mnyama aliyekomaa ambaye haongezeki wala hapungui. Schoenheimer alifariki 1941 akiwa bado kijana kwa kazi ya namna ile, lakini ile picha ya mwili kama mashine iliyokwisha kujengwa ilikuwa imeshaondoka.

Leo tunajua zaidi. Chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120, na uboho wako unatengeneza mpya kama milioni 2 kila sekunde, yaani wakati nasema sentensi hii mmeshapata mamilioni ya chembe mpya na wala hamkuhisi kitu. Utando wa ndani ya utumbo unabadilishwa ndani ya siku chache. Hata mfupa, ambao mtu anaona ni kama jiwe, kwa mtu mzima karibu asilimia 10 yake inafanywa upya kila mwaka. Ila sikilizeni na upande wa pili, kwa sababu siyo kila kitu kinabadilishwa. Seli nyingi za ubongo wako, zile za gamba la juu, umezaliwa nazo na utakufa nazo, na kiini cha lenzi ya jicho lako kina protini zilizotengenezwa kabla hujazaliwa. Mwili umechagua kipi kipite na kipi kikae. Huo ndio mwendo wenye umbo ninaousema. Mtu akija kuniambia kila kitu kibadilike nitamwonyesha jicho lake.

Na sayansi yenyewe nayo inatembea, na moja ya hadithi zake nzuri ni ya hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe ndio wanaweka kwenye friza, na nafasi kwenye friza ni kidogo, ukichelewa umekosa. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha, Mpemba naye kuona nafasi inaisha akaweka yake yakiwa ya moto. Ya Mpemba yakaganda kwanza. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akaja Dokta Denis Osborne wa chuo kikuu cha hapa Dar kutoa mhadhara, kijana akasimama akauliza swali lilelile mbele ya wenzake na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu, fundi akajaribu akaleta majibu kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi ataendelea kurudia mpaka yapatikane majibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja, na leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Sasa wengi hadithi wanaiishia hapo, kijana wa Kitanzania kashinda, makofi. Mimi naipenda kwa sababu haijaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa umakini maji yanavyopoa wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba ya moto yanawahi. Wengine wanasema inategemea mvuke unaotoka, gesi zilizoyeyuka, chombo, namna barafu inavyoanza. Halafu 2020 watafiti wawili wa Canada wakaacha maji kwanza, wakachukua kichembe kimoja kidogo sana kinachotikisika ndani ya maji, kilekile cha Brown mnaona, wakakidhibiti kwa mwanga wa leza, na wakaonyesha wazi kabisa kwamba kikianzia hali ya joto zaidi kinaweza kufika kwenye hali ya ubaridi mapema kuliko kilichoanzia karibu. Yaani mtikisiko wa mwaka 1827 umekutana na aiskrimu ya Lushoto. Niliposoma ile makala nilisimama nikatembea nyumba nzima kwa furaha. Swali la mtoto wa sekondari limewasumbua watu zaidi ya miaka 50 na bado linazaa.

Haya, nimeahidi kusema na ubaya wa mwendo. Mwaka 1909 mshairi wa Kiitaliano, Marinetti, alichapisha tamko kwenye gazeti la Paris kusifia spidi, magari, mashine, na akataka makumbusho zibomolewe. Wasanii wakamfuata. Kazi walizofanya nyingine ni nzuri kwa kweli. Giacomo Balla mwaka 1912 alichora kambwa kadogo kamefungwa mnyororo kanatembea na bibi yake, miguu ya mbwa haihesabiki, ni kama feni, mnyororo umekuwa mawimbi manne hewani, na alikuwa amejifunza kwa wale waliopiga picha za hatua kwa hatua za farasi na watu wanaotembea. Umberto Boccioni mwaka 1913 alitengeneza sanamu ya mtu anayepiga hatua, mwili wake unavutwa na upepo mpaka unakuwa kama ndimi za moto, na leo sanamu hiyo ipo kwenye sarafu ya senti 20 ya euro ya Italia.

Lakini tamko lilelile lilisifia vita. Waliandika kabisa kwamba vita ni usafi wa dunia. Walipenda mwendo kwa ajili ya mwendo, bila kuuliza unaenda wapi na nani yupo chini ya magurudumu. Vita ikaja kweli, Boccioni akaenda jeshini, na mwaka 1916 akaanguka kwenye farasi mazoezini akafa akiwa na miaka 33, sanamu yake ikiwa bado ni ya plasta, hakuiona ikimiminwa shaba. Na Marinetti baadaye alikuwa upande wa Mussolini. Nawaambia haya vijana wangu kwa uzito wote, kwa sababu hata kwetu leo mtu akisema maendeleo, kasi, twende na wakati, tunapiga makofi kabla ya kuuliza. Mimi nauliza.

Mkitaka kujua mwendo mzuri unafananaje angalieni bahari. Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi, kusi inashika baada ya masika, kwa sababu bara la Asia linapoa na kupata moto haraka kuliko bahari na upepo unageuka. Majahazi ya Uarabuni na India yalishuka na kaskazi, yakasubiri, yakapanda na kusi. Kule kusubiri ndiko kulikojenga miji ya pwani, watu walikaa miezi, wakaoa, wakafanya biashara, wakaongea. Mwendo wenye majira yake.

Na angalieni Msimbazi. Mto unashuka kutoka vilima vya Pugu mpaka Jangwani na una bonde lake la kutanuka mvua ikija, sisi tukajenga humo, tukapitisha barabara humo, tukaweka hata karakana ya mabasi ya mwendokasi humo, na kila masika Jangwani panajaa maji, barabara ya Morogoro inafungwa, watu wanatembea kwa miguu kutoka Magomeni mpaka mjini na wengine wanapoteza kila kitu. Mto haujakosea. Sasa kuna mradi wa kuinua daraja pale na kuliachia bonde nafasi yake, na ninausifu ila ninawafikiria sana waliohamishwa, kwa sababu jiji hili lilikuwa na watu 4,364,541 kwa sensa ya 2012 na 2022 wakafika 5,383,728, hao milioni walioongezeka ndani ya miaka kumi lazima walale mahali. Kubadilika kwa jiji mara nyingi kunabebwa na mgongo wa mtu asiyeulizwa.

Muziki nitaupitia haraka maana mnaujua kuliko mimi. Taarab ya kwenye kasri la Sultani Unguja iliimbwa Kiarabu. Akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, muuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa kawaida, na 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi. Miaka mingi baadaye vijana wa Manzese na Mburahati wakachukua vipande vya ala za taarab, wakavizungusha na kuvikimbiza mpaka mapigo yakazidi 200 kwa dakika, wakaviweka na mchiriku, ule muziki wa mtaani wa vibodi vidogo, ikawa singeli. Baadhi ya watu wazima wanaziba masikio. Mimi nasikia mnyororo ule haujakatika. Na tofauti ya singeli na kelele tupu ni kwamba mule ndani kuna mtu anahesabu, mshereheshaji anajua wapi apumue, mchezaji anajua mguu uanguke wapi. Ni spidi yenye umbo.

Maswali yalikuwa mengi, naandika matatu.

Mzee mmoja mchongaji, wale wa zamani kabisa pale Mwenge, alisimama akasema, "Mwanangu umeongea vizuri. Lakini mpingo unaisha. Vijana wanakwenda mbali siku hizi kutafuta gogo, na likija ni jembamba. Huo mwendo unaosema utakuwa wa nini kama mti hakuna?"

Nikamjibu shikamoo babu, umelisema kuliko nilivyolisema. Mti wa miaka 70 hauwezi kufuata spidi ya soko. Kule Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki misitu yao na kuvuna mpingo kwa mpango, wanakata kiasi na wanaacha mingine ikue, na naona huko ndiko pa kwenda kununua hata kama bei imezidi kidogo. Mchongaji anayenunua gogo bila kuuliza limetoka wapi anakata tawi alilolikalia mjukuu wake. Mzee akatikisa kichwa akaongeza kwamba na vijana wajifunze kuchonga vipande vidogo, vile wanavyovitupa kwenye takataka, nikamwomba awafundishe yeye na amekubali.

Binti mmoja wa kidato cha tano akauliza, "Madam, kama mwili unabadilishwa muda wote, mbona babu yangu ana mkono uleule wa kuchonga aliokuwa nao miaka 40 iliyopita?" Swali zuri mno. Nikamwambia misuli yake siyo ileile, ngozi siyo ileile, lakini seli nyingi za ubongo zipo, na ufundi unakaa kwenye viungio kati ya seli na seli, viungio vinavyoimarika kwa kutumiwa na kulegea vikiachwa. Ufundi wa babu yako upo kwa sababu jana alichonga na juzi alichonga. Akikaa mwaka mzima bila kushika tezo utaona tofauti.

Wa mwisho ni kijana mchoraji, na huyu aliongea kwa uchungu. "Madam, mimi nikichora kitu kipya mtalii hanunui. Anataka twiga, simba, Kilimanjaro. Nina mtoto. Nifanyeje?"

Ukumbi ulinyamaza, kwa sababu hilo ni la wote. Nikamwambia mdogo wangu, mchore twiga, mtoto ale, hakuna aibu yoyote hapo. Lakini mkumbuke George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyekuja Dar akafanya kazi pale Nyumba ya Sanaa. Alianza na mbao, akachonga mashetani kama wenzake. Halafu mashetani yaleyale akayatoa kwenye mbao akayapeleka kwenye bati, kwenye batiki, mwishoni kwenye vibao vya rangi kali, wanacheza, wanapiga simu, wanagombana, masikio makubwa, vidole viwili viwili. Mpaka anafariki 2005 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Hakuwaacha wale viumbe, alikuwa anawahamisha nyumba. Kwa hiyo kwenye twiga wako wa kuuza weka kitu kimoja ambacho ni chako, shingo ipinde namna hujawahi kuipinda, nyuma yake weka mtaa wako, na kila wiki tenga kibao kimoja cha mraba ambacho hakiuzwi, ujaribu kitu juu yake. Vibao naviahidi mimi, nitaongea na fundi dari wa mtaani kwetu, mabaki huwaga yanatupwa.

Basi kazi ya Jumamosi ijayo ni hii. Wachoraji na wachongaji, nendeni Kivukoni asubuhi pale pantoni inaposhusha watu, msipige picha na simu, kaeni muangalie mtu mmoja anavyotembea, mama mwenye beseni kichwani au baba anayewahi kazini, mrudi nyumbani mmchore au mmchonge bila kurudi kumwangalia. Wanasayansi, vikombe viwili vya aina moja, kipimajoto, maji ya moto na ya baridi kiasi kilekile, friza ya nyumbani kwa ruhusa ya mama, na mrudie mara nyingi, muandike kila mlichokiona hata kisipokubaliana na mnachokitaka. Tunaanza saa nne kamili, na wazee wangu wa kuchonga naomba muwahi mkae mbele.